Kabla Hujalipia Kozi ya Kukarabati Ngozi

Siku hizi wanaotufuata kuulizia ufundi wa ngozi hawaulizi viatu na mikoba tu. Wapo wengi wanaotaka kujifunza kusafisha na kurudisha upya makochi na viti vya magari. Wameona tangazo kwenye simu: kozi ya siku mbili, cheti, pamoja na sanduku la dawa na rangi la kuanzia kazi. Wanataka kujua kama bei ni ya haki. Mimi swali langu huwa jingine: ndani ya siku hizo mbili, utafundishwa kuitambua ngozi?

Mafundi wengi huharibikiwa hapo. Chukua kochi linalobanduka, maana Dar es Salaam, Tanga au Mombasa halikosekani mtaani. Sehemu za kuwekea mikono zimebabuka kama mgongo uliounguzwa na jua, vigamba vyeusi vinanasa kwenye nguo za wageni, na chini yake kinachungulia kitambaa cheupe. Mwenyewe aliuziwa akiambiwa ni ngozi. Kumbe ni tabaka la plastiki, poliyurethini, lililopakwa juu ya kitambaa; au ni vumbi la mabaki ya ngozi lililogandishwa kwa gundi kisha likafunikwa kwa plastiki hiyohiyo. Joto na unyevu wa pwani huila poliyurethini taratibu, hata kochi likae bila kukaliwa. Likishaanza kubanduka, hakuna rangi ya kulishika. Utapaka leo, mwezi ujao patabanduka pembeni ya pale ulipopaka, na mteja atakuja na maneno.

Fundi aliyefundishwa vizuri hafungui kopo lolote kabla ya kuligeuza kochi. Anafungua zipu ya mto au anapekua chini, palipokatwa, aone ukingo. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizosongamana bila mpangilio. Ya bandia inaonyesha kitambaa kilichofumwa. Akishajua, anamwambia mwenye mali ukweli: hili ni la kubadilisha kava, lipeleke kwa mafundi makochi, kama wale wa Keko, Dar es Salaam. Kozi isiyokufundisha kukataa kazi ya namna hiyo inakuandalia ugomvi na wateja.

Na ngozi halisi nayo haiko ya aina moja. Dondoshea tone la maji mahali pasipoonekana. Likisimama juu, ngozi hiyo imefunikwa kwa rangi na tabaka la kinga, kama zilivyo nyingi za kwenye magari na makochi. Likizama na kuacha doa la giza, hiyo iko wazi, na uchafu, jasho na dawa yako vitazama vivyo hivyo. Swedi na nubuki, zile ngozi zenye uso wa vinyweleo laini, ni habari nyingine kabisa. Mwalimu anayetumia chupa moja kwa zote hizo anakuuzia chupa.

Kemia yake si ngumu, lakini lazima ifundishwe. Ngozi nyingi zimeiva, yaani zimetiwa dawa zisioze, kwa chumvi za kromu, nyingine kwa tanini ya magome ya miti, kama miwati inayolimwa Njombe. Kwa vyovyote, ngozi iliyokamilika huwa na asili ya tindikali, kipimo cha pH kikiwa karibu na 4. Sabuni ya unga ya kufulia inazidi 9, yaani iko upande wa pili, wa alikali. Ukilisugua kochi kwa sabuni hiyo, jioni litapendeza. Ila ukirudia mara kwa mara, mafuta yaliyotiwa kiwandani yanatoka, rangi inalegea, na ngozi inakauka hadi kupasuka kwenye mikunjo. Mafuta ya nazi nayo, ambayo kila mtu ana shangazi aliyeyapendekeza, kwenye ngozi iliyofunikwa hayapenyi. Yanabaki juu yakikusanya vumbi. Dawa ya viatu iache kwenye viatu. Kwenye kochi itahamia kwenye kanzu ya Ijumaa.

Ukiridhika na upande huo, omba kuiona karakana. Usiangalie kuta na mabango. Angalia kama kuna viti vibovu vya kufanyia kazi. Kiti cha dereva huchoka kwanza ule ubavu wa upande wa mlango, kwa sababu mtu akiingia na kutoka anaukalia na kuuburuza. Kuukarabati kunakwenda hivi: unaosha, unaondoa mafuta na silikoni zilizopakwa na waosha magari, unapitisha msasa laini, unaingiza kipande cha kitambaa nyuma ya mpasuko na kukibana kwa gundi inayonyumbulika, kisha unajaza nyufa kidogokidogo, kila safu ikauke kabla ya nyingine. Halafu ndiyo rangi.

Rangi ndiyo inayotenganisha fundi na mtazamaji wa video. Kiti kilichopigwa jua miaka kumi si rangi ile iliyoandikwa kwenye vitabu vya kiwanda. Unaipata kwa kuchanganya: tone la nyeusi, tone la njano, unapaka kidogo, unakausha, unatoka nje kwenye mwanga wa jua kulinganisha, unarudi ndani. Rangi mbichi na iliyokauka hazifanani, na ya kwenye kivuli hukudanganya. Hapa hakuna njia ya mkato, ni mkono na muda. Kwa hiyo uliza: wanafunzi wangapi kwa kiti kimoja? Kila mmoja atachanganya rangi mwenyewe, au mwalimu atachanganya nyinyi mkipiga picha? Mafunzo ya mtandaoni yanafaa kwa nadharia na kwa fundi mwenye uzoefu anayetaka mbinu mpya. Kwa anayeanza, nayahesabu kama kitabu.

Kuna jambo ambalo matangazo hayaligusi: pumzi yako. Baadhi ya gundi za kazi hii zina kemikali ya heksani, na inajulikana kwamba mafundi viatu wanaoivuta muda mrefu huweza kupata ganzi na udhaifu wa miguu na mikono kwa kuharibika mishipa ya fahamu. Vigumisho vingine vinavyochanganywa kwenye tabaka la juu, lile la kinga linalopakwa baada ya rangi, huchokoza mapafu na ngozi ya mtu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inatakiwa yenye vichujio vya kaboni, na chumba kinachopitisha hewa. Ukikuta wanapulizia rangi chumba kimefungwa madirisha, geuka urudi nyumbani.

Kuhusu cheti, tofautisha viwili. Cha kampuni inayouza dawa kinathibitisha kwamba ulihudhuria, na hakina ubaya, ila si sifa ya kitaaluma. Chuo cha ufundi kiwe na usajili: Tanzania Bara uliza NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, Zanzibar uliza Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, Kenya uliza TVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya huko. Anayetaka kuijua ngozi kuanzia ikiwa mbichi ana Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Kampasi ya Mwanza, na Kenya kuna kituo cha mafunzo ya viatu pale Thika. Msingi wa huko ni uchakataji na utengenezaji wa bidhaa, kwa hiyo usitarajie kwamba kazi ya viti vya magari ndiyo itakayopewa uzito. Hata hivyo, kijana mwenye muda ningemshauri aanzie huko kisha aongeze kozi fupi. Kwa aliyekwisha kuwa fundi viatu au makochi, ushauri wangu ni tofauti: aulize VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, kuhusu urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na fedha iliyobaki ailipie kozi fupi yenye vitendo vingi.

Lile sanduku nalo, uliza rangi zikiisha utazipata wapi. Kama muuzaji ni mmoja na yuko ng'ambo, piga hesabu ya usafiri na ushuru, ukikumbuka kwamba vimiminika vinavyoshika moto havipandi ndege kirahisi.

Mwisho, omba wakukutanishe na mhitimu wa mwaka jana, na si wa juzi. Mwombe akuonyeshe kiti alichokifanya miezi sita iliyopita na ambacho kimekaliwa kila siku. Kanda palipojazwa uone kama panapasuka, kisha sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kitambaa kikitoka na rangi, muulize alifundishwa nini kuhusu tabaka la juu, na umsikilize kabla hujatoa hela.