Kabla ya Kupaka Jani: Maswali Kuhusu Mimea na Vidonda vya Ngozi

Je, kuna mmea unaoponya kidonda kweli?

Anayeponya ni mwili wenyewe. Damu huganda, chembe nyeupe hupambana na viini, kisha nyama mpya hujaa na ngozi hutambaa juu yake. Kovu huendelea kujikaza kwa miezi mingi, na hata likikomaa hufikia takribani asilimia 80 tu ya uimara wa ngozi ya awali. Dawa ya kupaka, ya mmea au ya kiwandani, kazi yake ni kuondoa vinavyozuia kazi hiyo bila kuongeza vingine.

Mshubiri unasifiwa sana. Unastahili?

Kwa kiasi. Ukikata jani lake utaona vitu viwili. Chini ya ganda kuna utomvu wa njano, mchungu, unaoweza kuwasha ngozi. Katikati kuna ute mwangavu, na huo ndio unaopakwa. Simamisha jani lililokatwa kwa dakika kadhaa ili ule wa njano uchuruzike kwanza.

Kwenye mchubuko au jeraha dogo la moto lililokwisha kupozwa, ute hutuliza. Lakini nadhani sehemu kubwa ya sifa hizo ni ya unyevu, si ya mmea. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba vidonda vilivyofunikwa vikabaki na unyevu viliota ngozi karibu mara mbili upesi kuliko vilivyoachwa vikauke na kufanya kigaga. Kwa hiyo ushauri ule wa "kiache kipigwe na upepo" haufai.

Kidonda cha kina kirefu ni habari nyingine. Utafiti wa mwaka 1991 uliwafuatilia wanawake ambao vidonda vyao vya upasuaji wa tumbo vilipata matatizo. Waliotibiwa kwa njia ya kawaida walipona kwa wastani wa siku 53. Walioongezewa jeli ya mshubiri, siku 83.

Na asali?

Si mmea, ingawa nyuki huanzia kwenye maua. Ina maji machache, ina asidi, na kimeng'enya chake (protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali) huzalisha kidogo kidogo hidrojeni peroksaidi, kemikali inayoua viini, hivyo bakteria huishi humo kwa shida. Kwa jeraha la moto lisilopenya ngozi yote, tafiti zimeonyesha uponaji wa haraka kwa siku nne au tano kuliko kwa baadhi ya bandeji za kawaida. Tatizo ni kwamba asali ya jikoni inaweza kubeba mbegu za bakteria. Ile ya hospitali husafishwa kwa mionzi ya gama, kwa kuwa joto kali lingeharibu kimeng'enya hicho.

Vipi visipakwe kabisa?

Kitunguu saumu kibichi: huunguza ngozi. Ndimu: maji yake yakikutana na jua huleta malengelenge na madoa meusi. Utomvu wa papai bichi huyeyusha nyama iliyokufa, ni kweli, lakini unaweza kuleta mzio mkali. Na majani yaliyopondwa yakiwa na vumbi lake, au udongo, ni njia ya kuingiza pepopunda mwilini.

Basi hakuna mmea uliofika kwenye dawa rasmi?

Upo. Magome ya betula, mti wa nchi za baridi, hutoa kemikali zilizotengenezwa jeli iitwayo Filsuvez, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2022 na Marekani 2023. Hutibu vidonda vya epidemolisisi bulosa, ugonjwa wa kurithi ambao ngozi huchubuka kwa mguso mdogo. Hiyo ni kemikali iliyopimwa kiwango na kutakaswa; kujifunga gome lenyewe si kitu kile kile.

Nimejikata au kuungua sasa hivi. Nianze na nini?

Maji. Kwa moto, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu. Kwa mkato, bana damu ikome, osha kwa maji safi na sabuni, funika.

Lini niache dawa zangu niende kituo cha afya?

Jeraha likiwa la kina kirefu, la kuumwa na mnyama, au lipo mguuni mwa mwenye kisukari, nenda siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukiona usaha, harufu, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Ngozi nyeusi huficha wekundu, kwa hiyo papasa: joto na uvimbe unaosambaa vitakuambia. Ulizia pia chanjo ya pepopunda hata kama kidonda ni kidogo. Dalili za pepopunda kwa kawaida hutokea kati ya siku 3 na 21, na kufikia hapo kidonda chenyewe kinaweza kuwa kimeshafunga.