Utumbo wangu upo wote

Desemba iliyopita, siku moja baada ya Krismasi, tulikuwa Kibosho kwa shangazi. Wenye kwao Kilimanjaro wanajua siku hizo zilivyo: magari yaliyotoka Dar yamebanana hadi kwenye vinjia vya migombani, ndafu imelala mezani na majani mdomoni, kata ya mbege inazunguka. Sahani zikaanza kupita. Yangu ilipokaribia shangazi akaidaka, akatoa nyama zote akaziweka kwenye sahani ya binamu yangu, akaniachia ndizi na mchuzi. Kisha akawaambia waliokaa karibu, kwa huruma kabisa: "Huyu msimpe nyama, jamani. Alikatwa utumbo."

Ilikuwa mara ya tatu kwa siku ile kusikia nimekatwa utumbo. Mara ya kwanza alisema mke wa kaka, ya pili kijana aliyekuwa anachoma nyama, ambaye hata hatufahamiani. Shangazi hajibiwi mbele za watu, kwa hiyo nilisema asante nikala ndizi. Lakini hapa hayupo, na mimi nina miezi kumi na sita ya kulimeza hilo neno, tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito.

Maana yenyewe ni fupi. Upasuaji wa kupunguza uzito ni jina la jumla la operesheni zinazoupunguza mfuko wa chakula, au zinazoupunguza na kubadilisha pia njia ya chakula kikishatoka humo, ili mtu ashibe kwa kidogo na njaa yenyewe ipoe. Hafanyiwi kila anayetaka kupendeza harusini. Unapimwa uwiano wa kilo zako na urefu wako, ile BMI. Kwa miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022, ukifika 35 unastahili kufikiriwa, na ukiwa na kisukari unaweza kufikiriwa tangu 30. Madaktari huuita upasuaji wa bariatriki, kutoka maneno mawili ya Kigiriki, *baros*, uzito, na *iatros*, tabibu. *Baros* ni huyohuyo aliyemo kwenye baromita, kipimo cha uzito wa hewa. Huko sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na neno utumbo.

Tuanze na tumbo, maana ndilo mama. Tumbo ni neno pana mno. Ukisema tumbo linakuuma, daktari atakubonyeza kuanzia chini ya mbavu hadi kinenani kabla hajajua unasema nini. Ndugu wa tumbo moja hawakulala kwenye mfuko wa chakula, walilala kwenye mji wa mimba. Mwenye tumbo kubwa tunamsema kwa kitambi chake, yaani mafuta. Na vidonda vya tumbo tunasema viko kwenye mfuko wa chakula, ingawa vingi huwa kidogo mbele yake, pale utumbo mwembamba unapoanzia. Neno moja, vitu vinne, na sote tunaelewana kwa sababu mazungumzo yenyewe hutuonyesha linasemwa lipi.

Sasa chukua tumbo uliwekee u- mbele. Hiyo ndiyo u- ya vitu virefu na vyembamba: uzi, ufito, ukindu, unywele, ulimi. Utumbo ni kile kirefu chembamba kilichomo tumboni. Lugha ilishatuchorea picha kabla ya kitabu cha Sayansi cha darasa la tano. Ni bomba, tena bomba refu: utumbo mwembamba wa mtu mzima hukadiriwa kuwa kama mita 6, umekunjwa humo kama mpira wa kumwagilia bustani. Mfuko wa chakula ni kitu kingine. Ni mfuko kweli, ukijaa unachukua kama lita moja hadi moja na nusu, na kazi yake ni kupokea, kusaga na kuachilia kidogo kidogo. Bomba linafuata baada yake.

Mbona basi tunavichanganya? Nimewaza sana, na jibu langu ni bucha. Nenda mabucha ya Mbuyuni uombe utumbo kilo moja. Muuzaji atakukatia taulo, lile la manyoyamanyoya kama taulo la kuogea, na pengine kitabu, chenye kurasa. Taulo na kitabu ni mfuko wa chakula wa ng'ombe, ambao una vyumba vinne. Utumbo wenyewe, ule wa bomba, ataukata uwe vipande vidogo vya mwisho vya kujazia mizani. Vyote vinaitwa utumbo, vyote vinaingia kwenye sufuria moja ya ndizi utumbo asubuhi, na hakuna aliyekula akalalamika kwamba jina limekosewa. Kwa ng'ombe haina shida, keshakufa. Kwa mtu aliye hai inayo. (Mjini mtu akisema upuuzi tunasema anaongea utumbo. Katika habari hii watu wanaongea utumbo kwa maana zote mbili.)

Nilichofanyiwa mimi ni hiki. Daktari aliingia kwa matundu matano madogo, akaubana mfuko wa chakula kwa pini kwa urefu wake, akakata akatoa kama robo tatu yake au zaidi. Kilichobaki kina umbo la ndizi, na mimi kwa vile ni wa huku nilipochorewa nikaona mshare kabisa, imepinda kidogo. Mshare hiyo inaingia mililita 100 au 150 hivi, nusu ya kikombe cha chai. Kipande kilichotoka ndicho kilichokuwa kinatengeneza sehemu kubwa ya grelini, homoni ya njaa ambayo Wajapani waliigundua mwaka 1999. Ndiyo maana miezi ya kwanza nilikuwa nasahau kula, mimi niliyekuwa naamka saa nane usiku kufunua sufuria. Utumbo haukuguswa. Upo wote, mita zake zote.

Wa puto hajakatwa chochote. Tangu Mloganzila, ile hospitali ya Dar, ianze kuweka puto, kila aliyepungua Moshi nzima anaitwa wa puto, na kila wa puto anaitwa aliyekatwa utumbo. Puto linapitishwa mdomoni likiwa limenywea, linajazwa maji kama nusu lita, linakaa kwenye mfuko wa chakula likichukua nafasi ya wali, na baada ya miezi sita au mwaka, kutegemea aina, linatolewa. Kwenye maji hayo hutiwa rangi ya bluu, ili likivuja mkojo ubadilike rangi ujue mapema. Na anayenyonywa mafuta kwenye kitambi hajafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hata kidogo, huyo amerekebishwa umbo, kesho akila chipsi mfuko wake utazipokea kama jana.

Nitakubali kitu kimoja. Kuna operesheni ambayo utumbo unakatwa kweli. Mfuko wa chakula unatengwa, kinabaki kifuko cha kama mililita 30, yai dogo la kuku ni kubwa kuliko hapo, kisha utumbo mwembamba unakatwa na kuungwa moja kwa moja na kifuko hicho, chakula kinaruka sehemu ya kwanza ya njia. Maungio yanatoa umbo la Y, na yanaitwa kwa jina la Roux, daktari wa Uswisi. Lakini hata huko utumbo unakatwa ili uungwe pengine, kama fundi bomba anayehamisha koki. Hakuna anayetupa kipande chake.

Utaniuliza, kuna ubaya gani, si neno tu? Ubaya ni ile sahani.

Shangazi aliwaza vizuri kabisa kwa neno alilokuwa nalo. Aliyekatwa utumbo hawezi kusaga nyama, apewe laini. Ndiyo sababu aliondoa nyama akaniachia ndizi. Kumbe mimi natakiwa nifikishe protini gramu 60 hadi 80 kwa siku katika kifuko cha nusu kikombe, na kwa hiyo kijiko cha kwanza lazima kiwe nyama, samaki, yai au maharage. Ndizi inakuja mwisho, kama nafasi ipo. Nikianza na ndizi nimeshiba kwa vijiko vinne na misuli yangu haijapata kitu. Usiku ule Kibosho nililala nimeshiba wanga, na nywele zilikuwa bado hazijaacha kudondoka. Kwa wengi zinaanza mwezi wa tatu, mwili ukishtuka kwa kupungua ghafla, na protini ikikosekana inakuwa mbaya zaidi.

Neno hilohilo linaharibu hata kabla ya kisu. Mwenzangu mmoja wa Ngaramtoni alifanyiwa kiaga-chakula, ndugu wakamchinjia, kwa sababu "akishakatwa utumbo hatakula tena". Wiki mbili kabla ya operesheni ndizo wiki za kufunga mdomo. Unaachana na ugali, wali, ndizi, sukari na mafuta, unabaki na mboga za majani, mayai, samaki, mtindi usio na mafuta. Si adhabu. Ini letu sisi wanene huwa limevimba mafuta, na ubavu wake wa kushoto umelalia mfuko wa chakula palepale anapotaka kupita daktari. Ukilinyima wanga linasinyaa. Mwenzangu alikula, ini likabaki palepale, tarehe ikasogezwa.

Baada ya kisu, siku za kwanza ni maji kwa kijiko. Sitanii. Nilikuwa na kijiko cha chai na saa ya ukutani. Kisha wiki kama mbili za vinywaji tu: supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi wa kupita kwenye chujio. Halafu vya kusagwa, halafu vya laini, na ikifika wiki ya sita au ya nane unarudi kwenye chakula cha watu, vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, unatafuna mpaka unachoka. Huli na kunywa kwa pamoja, unaacha nusu saa. Mimi nikishiba napata kwikwi moja, mafua yanachuruzika, hapo nikiongeza kijiko kimoja kinarudi.

Katika wiki za kusagwa, majirani waliniletea mtori. Thermosi mbili kwa siku, na mmoja alisema hongera. Mtoto wake akachungulia chumbani akauliza mdogo wake yuko wapi. Huku kwetu mtori kitandani ni mzazi, hakuna maelezo mengine. Niliwashukuru wote, nikamwomba mdogo wangu anipondee wangu, nyama nyingi ndizi kidogo, bila siagi.

Mbege nimeiacha. Si kwa utumbo, bali kwa sababu pombe sasa inapita mfukoni bila kusimama na kuingia kwenye damu haraka. Kata moja inafanya kazi ya tatu. Soda nayo hapana, gesi yake inauma. Na juisi ya sukari nikiinywa kwa pupa najuta: moyo unapiga mbio, jasho, kisha chooni. Sukari imemwagikia utumboni kwa mkupuo. Waliopitia ile ya Y wanaipata zaidi.

Mara iliyonikera kuliko zote haikuwa Kibosho. Nilikwenda zahanati moja hapa mjini na homa, na mhudumu wa mapokezi aliposikia "upasuaji" akaandika kwenye faili, kwa kalamu nyekundu, *alikatwa utumbo*. Daktari akasoma, akaanza kuniuliza: utumbo ulijisokota? kulikuwa na uvimbe? walitoa urefu gani? Tulipoteza dakika kumi. Alichopaswa kujua ni kingine: kwamba vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni sipaswi kuvimeza hovyo kwa sababu vinachubua kifuko kilichobaki, na kwamba mfuko wa chakula ndio unaotoa kitu kinachosaidia vitamini B12 kufyonzwa, hivyo nakunywa vitamini maisha yangu yote na damu yangu inahitaji kupimwa mara kwa mara. Hayo hayatoki kwenye neno utumbo, hata ulikamue vipi.

Kwa hiyo mkinisema, na Desemba hii mtanisema, semeni amepunguzwa mfuko wa chakula. Likiwa refu, semeni amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Kwa wa puto semeni ana puto. Shangazi, nakupenda, na ndizi zako hazina mfano. Nyama naomba niachie.