Eti fataki ndogo haziunguzi msitu?

Kila ikikaribia tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani ambayo watu huwasha fataki, kwa tunaoishi huku majimbo ya magharibi, utasikia watu wanasema marufuku ya fataki ni ya zile zinazoruka juu na kupasuka tu, hivi vijiti vya watoto vya kumetameta na vile vya moshi havina shida. Jamani, si kweli kabisa.

Kile kijiti unachompa mtoto ashike kinawaka kwa joto la karibu nyuzi 1,000 za Selsiasi, na hata kikizima ule waya unabaki wa moto, ukiutupa kwenye nyasi kavu zinaanza kufuka taratibu bila wewe kuona, mnaingia ndani kulala halafu upepo unamalizia kazi.

Na vya moshi ndo usiseme. Septemba 2017 kule Oregon kijana wa miaka 15 alirusha kimoja tu bondeni Eagle Creek, zikaungua ekari zaidi ya 48,000, cheche zikavuka mto Columbia mpaka jimbo la Washington, watu kama 150 waliokuwa wanatembea msituni wakalazimika kulala hukohuko, na mahakama ikamwamuru alipe zaidi ya dola milioni 36. California nayo 2020, kifaa cha moshi cha sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto kilianzisha moto wa El Dorado, zimamoto mmoja akafa.

Kwa hiyo ukiona dukani wanaziuza usidhani umeruhusiwa kuwasha popote, kwenye misitu ya taifa zimepigwa marufuku mwaka mzima, ndogo kwa kubwa, hata mvua inyeshe.