Mzimu si mzuka

Nikisema naandika kuhusu mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, huko Tanga, swali huwa lile lile: "Huogopi kulala kule?" Silali kule. Kazi hii ni ya mchana, na sehemu yake kubwa ni kukaa barazani na wazee, kusikiliza bila haraka.

Kosa la wanaouliza hivyo linaanzia kwenye neno lenyewe, mzimu. Mzuka humtokea mtu ghafla ukamtisha. Mzimu ni roho ya mhenga, na pia ndipo mahali anapoombwa. Amboni, kilomita chache kutoka Tanga mjini, kuna pango la mizimu. Ukimulika tochi utaona chupa, vipande vya vitambaa na sarafu zilizoachwa juu ya mwamba. Pengine ni mama aliyekuja kuomba mtoto. Nikiandika "pango la mashetani" ili nipate wasomaji, nitakuwa nimemtukana mama huyo.

Wapo pia wanaodhani mwandishi lazima achague: aamini simulizi au aziponde. Husimuliwa kwamba pango linatokea Mombasa. Wapimaji wa mwaka 1994 walikuta refu kuliko yote lina kama mita 900 tu. Ni mwamba wa chokaa uliochimbwa na maji. Naandika yote mawili, kipimo kama kipimo na simulizi kama simulizi, maana hata simulizi ina wenyewe.

Kwa hiyo nikifika mahali, swali langu la kwanza si kama kuna kitu kimeonekana usiku. Namwamkia mzee: "Shikamoo babu. Hapa mnaingiaje?"