Shingo, Helmeti na Mkanda Usiofungwa

Wiki hii tena, ndugu wa majeruhi wa bodaboda aliyeletwa hospitalini kutoka upande wa Ahero, fuvu likiwa limebonyea juu ya sikio, amenieleza kwamba kijana wao amenusurika kwa sababu hakuvaa helmeti, kwani helmeti ingemvunja shingo. Hoja hiyo nimeisikia Kondele, nimeisikia Maseno, huku Kisumu, tena kutoka kwa watu waliosoma, na sasa imenichosha.

Wanasema uzito wa helmeti huikata shingo kichwa kinaporushwa. Kichwa cha mtu mzima kina takribani kilo nne hadi tano, na helmeti kwa kawaida haifiki kilo mbili. Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyojumuisha tafiti 61, yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kuhusu shingo, waandishi walikiri kwamba ushahidi haukutosha kukata shauri, nami sitalificha hilo. Lakini anayeogopa jeraha ambalo halijathibitishwa akalikumbatia lile lililothibitishwa, hesabu yake siielewi.

Ninachokiona mimi ni kwamba shingo nyingi huharibiwa baada ya ajali. Wasamaria wema huing'oa helmeti kwa nguvu, kisha humbeba majeruhi mshikaki juu ya pikipiki nyingine, kichwa kikining'inia, na pingili ya shingo iliyokuwa na ufa tu husogea na kukata mishipa ya fahamu inayopita ndani yake. Kama anapumua vizuri, mwacheni na helmeti yake. Ikilazimika kuvuliwa, mmoja ashike kichwa na shingo visicheze huku mwingine akiivuta taratibu.

Kinachoniudhi kuliko yote ni mkanda wa kidevu. Sheria ya Trafiki ya Kenya inamtaka dereva na abiria wote wavae kinga, na abiria awe mmoja tu, lakini helmeti huvaliwa kwa ajili ya askari, mkanda ukipepea, na ya abiria huning'inizwa kwenye usukani kama pambo. Helmeti isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini, kisha watu huiokota ikiwa nzima na kusema haikusaidia kitu! Abiria anayekataa jasho la wenzake au anayehofia nywele zake zilizosukwa namwelewa zaidi kuliko mwenye hoja ya shingo. Ajifunge leso nyepesi kwanza, kisha avae na kukaza mkanda.

Na helmeti iliyokwisha kugonga lami, hata isipoonyesha ufa, povu gumu la ndani limekwisha kusinyaa. Dereva anunue nyingine, wala ile ya zamani asiifanye ya abiria.