Nionyesheni kwanza daftari la fundi wa friji

Meneja wa kampuni moja ya samaki hapa Mombasa alinipokea na picha za wafanyakazi wake wamezama matopeni, kila mmoja na mche wa mkoko mkononi. "Hewa ukaa yetu tumeshaifidia kwa mikoko," akaniambia. Nikamuuliza ni tani ngapi walizofidia. Akamgeukia mhasibu, mhasibu akanigeukia mimi.

Kazi yangu ni kuhesabu hewa ukaa, ile gesi inayoipasha dunia joto na ambayo mikoko huifyonza, inayotolewa na makampuni. Watu hudhani nitakuja na mtambo wa kuchomeka kwenye bomba la jenereta, kumbe nakuja kuomba risiti. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, basi stakabadhi za mafuta zanitosha. Utaratibu unaofuatwa na wengi duniani, GHG Protocol, hugawa hesabu mafungu matatu: unachokichoma au kinachovuja kwako, umeme unaoununua, na yanayofanywa na wengine kwa ajili yako, kama malori ya kukodi na ndege.

Fungu la umeme huku kwetu halinitishi sana. Stima nyingi ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, si kuchoma mafuta. Meneja alikuwa ameshaagiza sola za paa zima. Bili itashuka, sawa, ila kwenye hesabu yangu hazikubadilisha mengi.

Jambo lenyewe lilikuwa kwenye daftari lenye madoa ya grisi, nyuma ya mlango wa chumba cha kompresa. Vyumba vyao vya baridi vinatumia gesi ya R-404A, na kila baada ya miezi michache fundi aliandika maneno yaleyale: "Nimeongeza gesi." Sasa, gesi ya friji haiishi kwa kutumika kama mafuta ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba, na mfumo ukiwa mzima hauna haja ya kuongezewa. Ukiongeza kilo 10, jua kilo 10 zimeshatoroka. Na kila kilo ya R-404A, kwa kipimo cha miaka 100, huipasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo 3,900 za hewa ukaa. Mtungi mmoja wa kilo 10, unaobebwa kwa mkono, ni tani 39. Ili ufike hapo kwa jenereta, uchome zaidi ya lita 14,000 za dizeli.

Fundi alinyong'onyea. "Madamu, mimi huitwa nijaze, nisaini, niende. Sijawahi kuambiwa nitafute inakotokea." Nilimwamini. Tulizunguka naye na maji ya sabuni, tukaona mapovu kwenye viungio viwili na kwenye valvu moja. Siku hizi mtungi hupimwa kwenye mizani kabla na baada, na hajazi mpaka tundu lizibwe. Mitambo ikizeeka, nimewashauri wahamie amonia, ambayo haiipashi dunia joto hivyo, japo ina sumu na inataka mafundi waliofunzwa. Gesi za jamii ya R-404A zenyewe zinapunguzwa kwa makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016.

Hapo ndipo tukarudi kwenye mikoko. Kusini kidogo, ghuba ya Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja hulinda hekta 117 na umekuwa ukiuza hati za takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, kila hati tani moja iliyozuiwa, fedha zikisaidia maji na shule za vijiji vyao. Mradi mzuri, lakini tani ni hizo tu, na wanunuzi ni wengi. Kwa hiyo anayetaka kununua namwambia aulize: bila fedha hizi, msitu ungesimama? Nani amehakiki? Na hati yangu imefutwa kwenye rejista kwa jina langu, yaani imehesabika kutumika, isije ikauzwa kwa mwingine?

Hewa ukaa ya samaki wanaosafirishwa kwa ndege hatujaipatia dawa. Hiyo ndiyo meneja atakayoinunulia hati. Kuhusu miche ya kwenye picha, nilimuuliza mingapi imeshika. Alimtuma kijana na pikipiki akatazame, maji yakishatoka.