Je, wajua ni nani hasa anayewafungisha maharusi ndoa kanisani?

Wengi watasema ni padri. Katika Kanisa Katoliki la Kilatini, ambalo ndilo la karibu Wakatoliki wote wa Afrika Mashariki, wanaopeana sakramenti ya ndoa ni bwana harusi na bibi harusi wenyewe, kwa ridhaa wanayotamka. Padri au shemasi anaiuliza ridhaa hiyo na kuipokea kwa jina la Kanisa, mashahidi wawili wakisikia. Ndoa inaanza hapo hapo, kabla ya pete na kabla ya sahihi kwenye cheti.

Msimamo huu ulipiganiwa. Katika karne ya 12 wanasheria wa Kanisa wa Bologna, wakimfuata mwalimu wa sheria za Kanisa Gratian, walisema ndoa haikamiliki mpaka wawili waingiliane. Walimu wa Paris, akiwemo Peter Lombard, walishika kwamba ridhaa inatosha. Papa Alexander III (1159–1181) aliamua kwamba ridhaa ndiyo inayoifanya ndoa iwepo, na tendo la ndoa ndilo linaloifanya isivunjike kabisa. Mpaka leo, ndoa ya wabatizwa ambayo haijakamilishwa kwa tendo hilo Papa anaweza kuivunja kwa sababu ya haki. Ikishakamilishwa, inamalizwa na kifo peke yake.

Uamuzi huo ulikuwa na hatari yake. Ikiwa ridhaa ya wawili inatosha, basi waliokubaliana gizani bila shahidi walikuwa mume na mke. Mwanamume aliweza kumwoa mwanamke kwa siri, kisha akakana, akaoa mwingine hadharani, na yule wa kwanza akabaki hana pa kushtakia. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Nne wa Laterano (1215) uliagiza ndoa zitangazwe kwanza. Watu wakaendelea kuoana kwa siri. Ndipo Mtaguso wa Trento, tarehe 11 Novemba 1563, ukaweka sharti zito: bila paroko, au padri aliyepewa ruhusa, na mashahidi wawili au watatu, ndoa ni batili. Padri aliwekwa pale kumlinda aliyeahidiwa. Ndiyo maana mpaka leo, ikiwa hakuna padri anayeweza kufikika kwa mwezi mzima, au mmoja yuko katika hatari ya kufa, sheria inawaruhusu wawili wafunge ndoa halali mbele ya mashahidi peke yao.

Ukilielewa hilo, taratibu za ofisi ya parokia hazikuchoshi. Cheti cha ubatizo kinatakiwa kiwe kipya, kwa kawaida kisizidi miezi sita, kwa sababu kila ndoa huandikwa pia kwenye daftari la ubatizo la mhusika, popote alipobatizwa. Cheti cha miaka kumi iliyopita hakimwonyeshi aliyeoa mwaka jana. Majina hutangazwa, kwa desturi Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme: undugu wa karibu, ndoa nyingine iliyo hai, nadhiri za utawa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa ya siku 21.

Kabla ya ridhaa, maharusi huulizwa mambo matatu: wamekuja kwa hiari? Watapendana na kuheshimiana maisha yao yote? Wako tayari kupokea watoto na kuwalea katika sheria ya Kristo na Kanisa? Hapa ndipo kusudi la ndoa linapotajwa waziwazi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliuweka uzazi na malezi mbele, na msaada wa wanandoa nyuma. Ile ya 1983, ikifuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, inataja wema wa wanandoa wenyewe pamoja na uzazi na malezi ya watoto, bila kuyapanga kwa daraja.

Mwenye kujibu "ndiyo" huku moyoni ameamua asizae kamwe, au ataoa mke wa pili, anatamka maneno bila ridhaa, na ndoa yake ni batili hata kama kanisa lilijaa. Vivyo hivyo binti aliyesukumwa na wazazi kwa vitisho kwa kuwa ana mimba. Mahakama ya Kanisa inapopokea kesi kama hizo haivunji ndoa. Inachunguza kama siku ile ilikuwepo.

Suala la utasa linawaumiza wengi kwetu, na mafundisho hapa ni ya wazi kuliko yanavyosikika mitaani: kukosa mtoto hakubatilishi ndoa. Kinachotakiwa ni kuwa tayari kupokea watoto. Kuwapata ni zawadi. Shangazi anayesema "huyo hazai, rudisha" hana msingi wowote katika imani hiyo. Kesi ni tofauti pale mtu aliyejua kwamba hazai alimficha mwenzake kwa hila ili akubaliwe. Hapo kilichoharibu ridhaa ni udanganyifu.

Makanisa mengine yanaona tofauti. Kwa Waorthodoksi, baraka ya padri ni ya lazima, na maharusi huvishwa taji. Martin Luther aliiweka ndoa katika mambo ya dunia, ingawa imeagizwa na Mungu, na Walutheri hawaihesabu kuwa sakramenti.

Kwa Wakatoliki walioishi pamoja miaka mingi, mahari ikiwa imelipwa na watoto wapo, kisha wakaenda "kubariki ndoa", kosa la kawaida ni kudhani padri atawanyunyizia maji ya baraka kwenye kile walichonacho. Kwa kawaida wanatakiwa watoe ridhaa upya, kila mmoja akikusudia kuoana siku hiyo, mbele ya padri na mashahidi wawili, kwa maswali yale yale matatu.